Tuliosoma Pamoja Tusikutane Msibani Tu



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya, mliouzoea kwa habari za malaria, chanjo na maji ya kuchemsha, mwezi huu unazungumzia watu tuliosoma nao zamani. Sababu yake ni hii. Wagonjwa wengi wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea tunaowapokea kutoka Handeni na Korogwe huja na presha, kisukari, vidonda vya tumbo au maumivu ya mgongo. Lakini ukikaa nao dakika kumi zaidi, utagundua kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye cheti. Watoto wamehamia Dar es Salaam au Arusha kutafuta maisha. Mume au mke amefariki. Kazi imekwisha na simu hailii tena. Mtu huyo ni mpweke, na upweke wake unakwamisha hata dawa tunazompa.

Siku hizi, kwa msaada wa simu za mkononi, watu waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne miaka arobaini iliyopita wanatafutana. Mmoja anapata namba ya mwenzake, huyo anampata mwingine, na baada ya mwezi kundi la WhatsApp lina watu thelathini. Hufuata mkutano, chakula, picha, na nyimbo za mchakamchaka zinazoimbwa na watu wenye vitambi. Mimi ninaliona jambo hili kuwa jema kwa afya na kwa imani pia, endapo litafanywa kwa busara. Nitaeleza kwa nini, na pia mahali linapoharibika.

UPWEKE UNAVYOUMIZA MWILI

Kwanza tuelewane kwamba kuwa peke yako si lazima kuwa mpweke. Mtawa anayekaa kimya kanisani saa nzima hana upweke, na bibi anayeishi na wajukuu saba aweza kuwa nao. Upweke ni ile hali ya kuhisi kwamba hakuna anayekufahamu, wala mtu unayeweza kumweleza la moyoni. Mwili huipokea hali hiyo kama hatari. Hubaki umejihami muda wote kama mtu aliyesikia kishindo usiku, usingizi hupungua, shinikizo la damu hupanda. Mtu hukosa hamu ya kupika chakula cha maana akala chai na kiporo. Polepole huacha na vidonge, kwa kuwa hakuna anayemwuliza kama amevimeza.

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili. Lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, yaani kama vifo 100 kila saa. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu wanaofungiana milango. Ripoti ileile yasema vingine: katika nchi maskini karibu watu 24 kati ya 100 walisema wanahisi upweke, na katika nchi tajiri ni kama 11 tu.

Habari njema nayo ipo. Huko Boston, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya kundi la wanaume, na kazi hiyo imeendelea zaidi ya miaka themanini. Walipotazama nyuma waliona kwamba wale waliokuwa wakiridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya bora walipofika themanini. Jambo hilo lilionyesha afya yao ya baadaye kuliko hata kipimo cha mafuta katika damu. Kwa hiyo sisi tulio katika hamsini hatujachelewa.

ANAYEKUITA KWA JINA LA UTOTO

Kwa nini basi rafiki wa shule, na si jirani? Jirani ni mtu wa maana sana, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinafanya kazi kubwa ya kutembelea wagonjwa. Lakini mtu akifika umri wetu, karibu wote wanaomzunguka wanamjua kwa cheo. Ni Mama Fulani, ni Bibi, ni Mwalimu, ni Mwenyekiti, ni Nesi. Yule aliyekaa nawe dawati moja anakuita jina ulilobatizwa, au lile la utani ulilopewa kwa sababu ya masikio makubwa. Anakumbuka ulivyolia usiku wa kwanza bwenini. Kwake huna cheo cha kulinda.

Kizazi chetu tena kina hali yake ya pekee. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, serikali iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri aanze shule. Tukajaa madarasani, wengine tukikaa chini, tukifundishwa na walimu wa UPE ambao baadhi yao walikuwa wakubwa kwetu kwa miaka michache tu. Upande wa Handeni vijiji vyenyewe vilikuwa vipya, watu wamehamishwa wakaishi pamoja, na watoto wakajuana shuleni kabla wazazi hawajajuana kisimani.

Upande wa Korogwe kulikuwa na mashamba ya mkonge. Ngombezi, Magoma na Hale, mtoto wa Kisambaa au wa Kizigua alisoma na watoto wa manamba kutoka Njombe, Songea, Kigoma na hata Msumbiji. Walifundishana lugha wakicheza. Kisha mkonge ukaanguka: mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000, na katika miaka ya 1990 haikufikia hata tani 50,000. Familia zikafunga mizigo, na hakuna aliyeacha anwani. Wachache waliochaguliwa kwenda sekondari walipangiwa shule za mbali, binti wa hapa akapelekwa nyanda za juu, na wa kutoka mikoa mingine wakaletwa Korogwe. Kwa hiyo tulipotawanyika, tulitawanyika kweli.

Halafu likaja lile pigo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa upana kuanzia mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili tulizika vijana wengi. Kwa sababu hiyo wenye umri wetu wanapokutana, jambo la kwanza ni kuulizana nani yupo na nani hayupo. Nashauri lisirukwe kwa haraka ili kwenda kwenye chakula. Someni majina ya marehemu, mtulie, msali. Kwa Wakatoliki, Novemba ni mwezi mzuri wa kuwaombea Misa. Mtu aliyezika rafiki mwaka 1992 bila kusema aliugua nini, maana wakati ule haikusemwa, huenda ameubeba mzigo huo miaka thelathini. Nimewaona watu wakilala vizuri baada ya kuutua.

Kuzungumza mambo ya zamani nako kuna faida yake. Daktari Mmarekani, Robert Butler, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee anaporudia habari za ujana wake anafanya kazi ya maana ya kuyapanga maisha yake, wala si dalili ya akili kuchoka kama watu walivyodhani. Tangu hapo katika nyumba nyingi za kulea wazee mazungumzo ya namna hiyo yamekuwa sehemu ya huduma. Watoto, msimkatishe baba anaporudia habari za uji wa shule.

MGUU ULIOOKOLEWA NA KICHEKO

Nitatoa mfano mmoja bila kutaja jina wala kijiji. Mzee wa upande wa Handeni, dereva mstaafu, alikuwa na kisukari na kidonda chini ya mguu. Watoto wake walimsihi miezi mitatu aje hospitali. Alikataa. Akasema hakimwumi, na alisema kweli, kwa kuwa kisukari huua hisia za miguu na mtu hutembelea kidonda kama hakuna kitu. Alikuwa akikifunga majani.

Wenzake wawili waliosoma naye walikuja kumzika mwenzao mwingine kijiji cha jirani, wakapita kumjulia hali. Walisikia harufu kabla hawajaona kidonda. Hawakumgombeza. Walikaa naye mpaka jioni wakila mihogo na kukumbushana habari za zamani, na mmoja akamkumbusha siku waliyokuja watu wa chanjo, naye akaruka dirisha la darasa akakimbilia porini mpaka jua likachwa. Mzee alicheka hata akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akasema jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia: kwamba anaogopa kukatwa mguu. Asubuhi walimleta. Alikatwa vidole viwili, na mguu tunao hadi leo.

Maneno aliyoambiwa na rafiki zake ni yaleyale ya watoto wake. Tofauti ni kwamba baba hapendi kuonekana anaogopa mbele ya mtoto, lakini mbele ya mtu aliyemwona akiruka dirisha hakuwa na la kuficha.

Mtaikumbuka habari ya yule mwenye kupooza katika sura ya pili ya Injili ya Marko. Watu wanne walimbeba, na walipokuta umati mlangoni walipanda wakatoboa dari wakamteremsha. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao, ya wale wabebaji. Hatuambiwi kama mgonjwa mwenyewe aliomba kupelekwa. Pengine naye alisema hakimwumi. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya sita, rafiki mwaminifu analinganishwa na dawa iletayo uzima, na kitabu hichohicho katika sura ya thelathini na nane kinataka tabibu aheshimiwe. Sisi wauguzi tunapenda sura hizo mbili zisomwe pamoja: rafiki amlete, tabibu amtibu.

RAMBIRAMBI NA VIDONGE

Hapa niseme jambo linalonikera. Kundi la waliosoma pamoja linapopata habari ya kifo, fedha hupatikana usiku mmoja. Gari hukodishwa, mashada hununuliwa, mtunza hazina hutaja waliotoa na wasiotoa. Mwezi mmoja kabla, marehemu huyohuyo alikuwa amekatisha vidonge vya presha kwa kukosa fedha za miezi miwili, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza. Tumewaona wakiletwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande, na ndugu wakisema alikuwa mzima tu.

Presha haipigi hodi. Mtu aweza kutembea na 180 kwa 110 na akacheza ngoma. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki palepale, ni presha ya kutibiwa. Kwa hiyo ninapendekeza hivi: mnapopanga mkutano wa waliosoma pamoja, mwombeni mhudumu wa zahanati iliyo karibu aje na mashine ya presha na kipimo cha sukari. Kwa kawaida kati ya wenzenu mmoja ni nesi au mganga. Pimeni kabla ya chakula, maana sukari baada ya pilau na soda haitawapa picha ya kweli. Wanawake wakumbushane uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, na wanaume wasione haya kuulizana juu ya kukojoa mara nyingi usiku, kwa sababu tezi dume haijali cheo.

Baada ya hapo kila mmoja apewe wenzake wawili wa kuwapigia simu mara moja kwa wiki. Kundi la watu thelathini ni la salamu na picha za maua. Anayekuuliza kama umemeza dawa ni mtu mmoja au wawili.

WANAOKATAA KUJA

Katika kila darasa wapo waliopatikana lakini hawaji. Wengine husema wana kazi. Mara nyingi sababu ni aibu. Mwenzao ni mkurugenzi, yeye anauza mkaa barabarani Mkata. Mwenzao ana wajukuu, yeye hakujaliwa mtoto. Au anaishi na virusi na anaogopa macho ya watu.

Kitabu cha Ruthu kinatuonyesha Naomi akirudi Bethlehemu baada ya miaka kumi na zaidi, bila mume na bila wana wake wawili. Wanawake wa mji wakaulizana kama kweli ndiye. Naye akawakataza wasimwite kwa jina lake la zamani lenye maana ya furaha, wamwite jina la uchungu. Ni mkutano wa marafiki wa zamani hasa, na ulianza vibaya. Hata hivyo wanawake walewale ndio waliokuja kushangilia naye mwishoni, wakampa jina mtoto aliyezaliwa na Ruthu. Walimpa nafasi ya kuwa na uchungu.

Kwa hiyo punguzeni michango. Fulana za sare na ukumbi wa kukodi ndivyo vinavyowafukuza walio na shida zaidi. Ukumbi wa parokia au kivuli cha mwembe wa shule yenyewe chatosha. Asiye na fedha alete maharage au mkungu wa ndizi. Na anayekataa kabisa, wawili wamfuate nyumbani kimyakimya, bila kamera.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Katika makundi haya huingia mwenzetu mmoja anayeuza makopo ya unga au maji ya miti, akidai yanaponya kisukari, presha, tezi na hata virusi. Kwa kuwa ni rafiki wa zamani, anaaminiwa. Tumepokea wagonjwa walioacha sindano za insulini kwa ushauri wa namna hiyo, wakafika hawajitambui. Hali kadhalika anayeambiwa kwamba maombi yanamtaka aache dawa za kufubaza virusi. Kanisa halijafundisha hivyo. Sali, na meza dawa.

Jambo la pili ni wapenzi wa zamani. Tuseme wazi, maana tu watu wazima. Mjane akikutana na aliyempenda kidato cha pili, naye ni mgane, Mungu awabariki, waende kwa padre na wapime afya zao kwanza. Lakini aliye na mume au mke, na anaanza kufuta ujumbe kwenye simu kabla ya kuingia nyumbani, anajua anakokwenda. Njia nyepesi ni kwenda mkutanoni na mwenzi wako, au angalau kumwonyesha picha zote ukirudi.

Tatu, shule haikuwa paradiso kwa kila mtu. Wapo waliopigwa na viranja, waliodhalilishwa, na wasichana walioharibiwa na watu wazima waliopaswa kuwalinda. Kusamehe ni amri ya Bwana, lakini msimlazimishe mtu kusamehe hadharani ili picha ipendeze. Anaweza kumsamehe aliyemtesa na bado akachagua asikae naye meza moja. Akihitaji kuzungumza, amtafute padre, sista au mshauri hospitalini. Kukosa usingizi, kuota ndoto za kutisha na kukata tamaa ya kuishi baada ya mkutano kama huo ni dalili za kuja kutuona, wala si udhaifu wa imani.

Pombe sitaieleza sana, mnaijua. Anayetumia dawa za kisukari au za presha asichanganye.

WENZETU WA DINI NYINGINE

Huku kwetu darasa halikuwa la Wakatoliki peke yao. Handeni na Korogwe tulisoma na Waislamu, na Waanglikana wengi kutokana na misheni zao za zamani, na Walutheri. Julius Nyerere, Mkatoliki, na Hamza Mwapachu, Mwislamu wa Tanga, walikuwa pamoja Makerere miaka ya 1940, na urafiki wao uliendelea hadi katika siasa za kudai uhuru, dini haikuwatenga. Kwa hiyo msipange karamu mchana wa Ramadhani wala Ijumaa Kuu, chakula kipikwe na wote waweze kukila, mmoja afungue kwa dua na mwingine afunge kwa sala.

Mwenzenu akilazwa, fanyeni kama wale rafiki watatu wa Ayubu walivyofanya mwanzoni, walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini anaumwa. Njooni saa za kuona wagonjwa, wawili au watatu, si ishirini. Leteni uji, maziwa au matunda kwa kadiri muuguzi atakavyowaambia, na mwulizeni daktari kama kuna damu inayohitajika. Kama mgonjwa ni Mkatoliki, mkumbusheni mapema juu ya Mpako wa Wagonjwa, na mmwite padre angali anaweza kuzungumza. Sakramenti hiyo ni ya wagonjwa, haingoji saa ya mwisho. Kama ni Mwislamu, waulizeni nduguze wangependa aitwe nani.

Na nyuma ya kadi yako ya kliniki, chini ya namba ya mwanao aliye Dar es Salaam, andika pia namba ya rafiki mmoja wa shule anayeishi karibu. Usiku wa manane, mgonjwa akifikishwa amepoteza fahamu, tunahitaji mtu anayeweza kufika kwa bodaboda kabla ya alfajiri na kutuambia ni dawa gani alikuwa akitumia.